Sungura Aliyelazwa Chali

Idrisa,

Shikamoo yako ya asubuhi niliiitikia, kwa hiyo salamu tumeshamalizana. Nakuandikia kwa sababu ningesema kwa mdomo ungenikatiza na ule msemo wako, "Mama, tulia," na mimi ningetulia kama nilivyozoea. Saa hizi uko Mazingara kwa baba yako mdogo unaaga, na kwa ninavyomjua yule mzee, hakuachii mpaka ule kwake. Nina muda wa kutosha.

Kesho unapanda basi la Dodoma kwenda kuanza maisha huko. Mambo ya kuswali kwa wakati, ya chandarua, ya kutomwamini mtu wa stendi, hayo wengine wamekwambia na mengine unayajua. Mimi nina moja tu. Sitaki uende na Mwanaidi. Mkeo asipande basi lile. Usirukie mwisho wa barua kutafuta sababu. Sababu inaanzia kwa sungura, na najua utacheka. Cheka, kisha usome.

Mgeni alikuja hapa muda mfupi baada ya wewe kumleta Mwanaidi kutoka kwao Mnyuzi. Mwalimu jirani yetu alihamishwa, hakuwa na namna ya kusafiri na sungura, akaniachia mimi. Jina hilo la Mgeni nilimpa mwenyewe, kwa sababu sikutarajia akae. Mkata nzima ilinicheka. Mtu mzima, Mzigua mwenye shamba la mihogo, anafuga sungura wa kutazama! Mama Shabani wa gengeni alikuwa akipita anauliza, "Kitoweo hakijambo?" Nami namjibu, "Hakijambo, kinakuulizia wewe."

Mwalimu aliniambia neno moja tu siku ya kuondoka. "Mama, huyu hasemi. Mtazame mwili." Niliona ananidharau. Mimi kungwi, niliyefunda nusu ya wanawake wa hapa barabarani, ninayemjua binti mwenye mimba kwa anavyoinuka kwenye kigoda kabla mama yake hajajua, leo nifundishwe mwili wa sungura? Mwe! Nilicheka mpaka yule mwalimu akaona haya. Basi sikiliza huyo fundi wa miili alivyosoma.

Siku za mwanzo Mgeni alijibanza pembeni mwa tenga. Masikio yamelala mgongoni, macho yamemtoka, na ile pua ambayo sungura haachi kuichezesha imesimama kabisa. Nikimshika hakurupuki. Nikimnyanyua ananing'inia tu mkononi. Nikawaambia watu, "Huyu ametulia jamani, hana usumbufu." Kumbe ndivyo anavyofanya akishaona mnyama wa kumla na hana pa kukimbilia, anajifanya jiwe. Baadaye nilikuja kumwekea mkono kifuani, moyo ulikuwa unakwenda kama cherehani. Mnyama anakufa kwa woga mikononi mwangu na mimi namsifia tabia.

Usiku alikuwa anapiga mguu wa nyuma chini, du, du. Nikaona kiburi. Nikaligonga tenga kwa mwiko ili anyamaze, na akanyamaza. Asubuhi tukakuta manyoya ya kuku wa Mama Shabani yametapakaa hadi njiani, kicheche alipita. Sungura alikuwa anatuamsha, mimi nikamtisha. Sikumwomba radhi. Nani anamwomba sungura radhi?

Siku nyingine nilimfungulia atembee uani. Akanusanusa, akakimbia kidogo, ghafla akaruka juu akajipinda hewani, kichwa huku, miguu kule, akatua, akaruka tena. Nikapiga yowe kwamba ana kifafa. Mama Shabani akaja mbio na kikombe cha maji aliyoyasomea dua, tukamnyunyizia sungura mwenye furaha zake mpaka akalowa chepe. Mwanaidi alikuwa anaosha sufuria pale karibu na karo. Akacheka. Idrisa, mke wako alikuwa ameshakaa nyumbani kwangu msimu mzima wa mahindi na ile ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia kicheko chake. Ana kicheko cha kukwaruza, kibaya kabisa, kinapendeza. Akasema, "Mama, huyo anacheza."

Kisha pikipiki yako ikasikika inakata kona kutoka barabara kuu.

Nataka nikueleze nilichokiona, kwa sababu wewe hujawahi kukiona. Wewe ndiye uliyekuwa unakuja. Mgeni alisikia kwanza. Akajikunja, tumbo likagusa ardhi, masikio yakalala, pua ikasimama. Nikageuka kumwonyesha Mwanaidi. Mwanaidi naye mkono ulikuwa umesimama ndani ya sufuria. Mabega yamepanda karibu na masikio. Kicheko hakikuisha, kilikatwa. Hapumui. Wote wawili, mtu na mnyama, wanatazama mlango wa ua, na hakuna hata mmoja anayetikisika.

Ukaingia na sauti yako nzuri, "Hamjambo humu?" Mwanaidi akainuka, akashusha macho, akakupokea mfuko kwa mikono miwili. Mama Shabani akasema, "Mashallah, binti ametulia huyu. Kungwi wake alifanya kazi." Nikafungua mdomo nimuunge mkono, maana maneno hayo nimeyasema mimi mwenyewe mara nyingi na kuyalia chakula. Hayakutoka.

Unajua tunavyowafunda, ingawa hukutakiwa kujua. Mume akiingia punguza sauti. Shusha macho. Ukiguswa tulia. Nimeyafundisha hayo kwa ngoma na vigelegele, na binti aliyeyashika vizuri tulimtuza mbele ya watu. Hakuna siku niliyomfundisha hata mmoja wao, au mama yake, au mimi mwenyewe, namna ya kutofautisha binti mwenye adabu na binti mwenye hofu. Kwa macho ni mtu yule yule. Sungura ndiye aliyenifundisha: mwenye adabu anashusha macho huku anapumua.

Nikaanza kumtazama mkeo kama nilivyoanza kumtazama Mgeni. Wewe ukiwa gereji, Mwanaidi anakaa chini kwenye mkeka kanyoosha miguu, anachambua mchicha, wala hamshughulikii yule mnyama. Mgeni anamzunguka, anamsugulia kidevu kwenye goti kama anayeweka alama kwamba huyu ni wangu, halafu anajibwaga ubavu karibu yake, pwaa. Mara ya kwanza nilidhani amekufa, nikaenda kutafuta jembe. Niliporudi anapiga miayo. Mwanaidi akimkuna paji la uso, meno yanasagika taratibu, sauti ndogo ya raha. Ukirudi wewe, mkeka unakunjwa, sungura yuko ndani ya tenga, mkeo yuko jikoni, na nyumba inakuwa na adabu kuliko msikiti.

Nikamsuka. Ulikuwa mwezi wa tatu mkeo ananiambia hana haja ya kusukwa, nikamkalisha kwa nguvu katikati ya magoti yangu. Nyuma ya sikio la kushoto nikakuta hamna nywele, mahali pa kuenea kiganja cha mtoto, ngozi inang'aa. Nikamuuliza. Akasema ni mba, amejikuna. Mwanangu, mba haing'oi nywele mpaka ngozi ing'ae. Nikaendelea kusuka. Hilo lishike vizuri, kwa sababu na mimi simo katika watu wema wa barua hii: nilipaona, nikapafunika kwa msuko mzuri, nikampaka mafuta, nikamwambia amependeza.

Utasema hujawahi kumpiga. Najua utasema, na utaapa, na huenda ni kweli kwamba hujawahi kuinua mkono ukaushusha. Wewe si mtu wa kupiga. Ungekuwa mpigaji ningekujua mapema.

Ulipokuwa mdogo ulikuwa na mchezo wa kuku. Unamkamata jogoo, unamlaza chali, unambana shingo ardhini mpaka anaacha kutapatapa. Halafu unaondoa mkono na jogoo anabaki pale pale, miguu juu, macho wazi. Watoto wenzio wanashangilia. Nami nilikuwa nawaita wageni waje kuona! "Mwanangu ana mkono wa baraka, wanyama wanatulia kwake." Nilivuna sifa kwa jambo lile. Hakuna aliyeuliza kuku anaona nini pale chini, wala kwa nini ulikuwa hufurahi anapoamka. Uso wako ulikuwa unakunjamana akiamka, Idrisa. Nilikuwa nauona. Nilidhani ni utoto. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, tunasema, lakini wewe hukuwa mtoto wa kulia, ndiyo maana sikuwa na cha kuchelea.

Sasa nije kwenye Ijumaa iliyopita.

Wenzako wa gereji walikuja kukuaga. Pilau imeliwa, soda zimeisha, mnatafuta cha kuchekea. Ukasema, "Ngojeni niwaonyeshe kitu." Ukamtoa Mgeni kwenye tenga kwa masikio. Ukakaa, ukamlaza chali mapajani, mkono mmoja shingoni, mwingine unampapasa tumbo polepole. Akapiga mateke, ukakaza. Akaacha. Miguu ikalegea, kichwa kikaanguka nyuma. "Mnaona? Nimemlaza. Hata mtoto mchanga halali hivi." Wakacheka, wakakupigia makofi.

Mimi nilikuwa mlangoni na sinia. Mwanaidi alikuwa nyuma yangu. Sikumtazama sungura, nilikuwa nimeshamsoma, nilijua hajalala. Nilimtazama mkeo. Alikuwa amejishika shingo. Hakuwa anajua kwamba amejishika.

Halafu mmoja wenu akapiga chafya na Mgeni akazinduka. Akarusha miguu ya nyuma kwa nguvu yake yote, na wewe badala ya kumwachia ukambana. Mlisikia kitu kikikatika, kama ubua wa muhindi. Ndipo akalia. Watu wengi wanakaa na sungura mpaka anakufa hawajui kwamba ana sauti. Anayo. Inafanana na ya mtoto. Mmoja wa vijana wale akatoka nje.

Wewe ulimtazama, miguu ya nyuma imekufa, ya mbele inakwaruza suruali yako, ukasema, "Si sungura tu, mama. Kitoweo kimejileta." Ukaomba kisu. Nilikupa mimi. Nikakupikia na nyama, nikaweka na nazi, ukala, ukasema ina chumvi kidogo. Nilikula na mimi, vipande viwili, kwa sababu ulikuwa unanitazama. Mwanaidi alisema tumbo linamuuma. Ukamwambia kwa ile sauti yako ya upole, mbele ya wenzio, "Kula, mke wangu." Akala. Alitafuna kile kipande mpaka nikatamani kumtilia kidole mdomoni nikitoe.

Hapo nimeweka kalamu chini nikaenda kuzungumza naye. Nilikuwa sijui nitamaliza vipi barua hii, nilidhani nitakusihi. Nilimkuta chumbani anakunja mashati yako. Nikamuuliza, "Mwanaidi, unataka kwenda Dodoma?"

"Nitakwenda, mama."

"Sijakuuliza kama utakwenda. Nimekuuliza kama unataka."

Akaendelea kukunja. Kola ya shati moja aliilainisha weee, mpaka nikamshika mkono. Akasema, bila kuniangalia, "Hapa anajizuia kidogo kwa sababu wewe uko chumba cha pili. Kule tutakuwa wawili tu."

"Anakufanya nini?"

Akagusa shingo, pale pale alipojishika Ijumaa. "Ananilaza. Ananikamata nywele, ananibana hapa, ananiambia nitulie. Nikitulia ananiachia."

"Na usipotulia?"

"Siku hizi natulia mapema."

Idrisa, nimekuzaa kwa tabu, na marehemu baba yako alipofariki nililima mihogo ya watu nikakulisha. Sikuwahi kujuta kuwa na wewe. Leo nilisimama katika kile chumba nikajuta. Sitaki kukuficha. Nilitamani ungekuwa mtoto wa mwanamke mwingine ili nikuchukie kwa raha zangu.

Unajua nilichomwambia? Nilimwambia avae viatu.

Hakuuliza tunakwenda wapi. Hakuchukua begi lile mlilolipanga, wala mkufu uliompa. Amechukua kanga zake mbili na kile kitabu chake cha dua. Tulipita njia ya nyuma, kwenye mashamba, kwa sababu Mama Shabani akiona jambo Mkata nzima imeona. Njia nzima alikuwa anageuka nyuma kila pikipiki ikilia, na barabara yetu hii unajua ina pikipiki ngapi. Nilimshika mkono kama mtoto. Basi la Korogwe lilichelewa kufika. Nimeomba dua zote ninazozijua na nyingine nimetunga.

Lilipofika alikataa kupanda. Alisimama mlangoni, konda anampigia kelele, "Dada, unapanda au unauza sura?" Yeye kaganda kama mti. Mwaka jana ningesema kasita kwa sababu anampenda mume wake. Nilimwekea mkono mgongoni, nikahisi moyo wake kupitia kanga mbili. Nikamsukuma. Ndiyo, nilimsukuma kwa nguvu, akaangukia kwenye kiti cha mbele, na mlango ukafungwa. Basi likaondoka naye haniangalii. Hakunipungia, na hakuniambia asante. Sikustahili.

Nimempigia simu kaka yake mkubwa. Wao wamo njiani kumpokea Korogwe na usiku atalala Mnyuzi kwa mama yake. Nimewaeleza yote, pamoja na nywele. Usiende kule. Wale vijana wanakata mkonge tangu hawajabalehe, mapanga wamezaliwa nayo, na wala sitawazuia. Ukipiga simu yake usihangaike, simu iko hapa mezani kwangu.

Sasa nisikilize vizuri, jua linateremka na karibu utarudi. Basi lako linapita asubuhi. Kabla hujalipanda, pita kwa shehe umpe Mwanaidi talaka yake kwa amani. Nimeshaongea na shehe, anakusubiri baada ya alfajiri, hakuna haja ya kumdanganya kwa sababu anajua. Ukikataa, sitakulilia. Nitakwenda mahakamani na fimbo yangu nikasimame upande wa mkeo, mbele ya watu, nieleze nilichokiona kichwani kwake na nilivyokifunika kwa msuko. Watanicheka. Kungwi mzima hajui kusoma mwili! Waache wanicheke.

Usije na ile hadithi ya kwamba utabadilika. Huenda utabadilika. Mungu ana uwezo wake. Lakini usijifunzie kubadilika kwenye shingo ya mtoto wa mtu.

Chakula kiko jikoni, nguo zako amekukunjia zote. Ukija utanikuta barazani. Hasira zako nitazipokea mimi, ndizo zangu, mimi ndiye niliyezilea. Ila sitatulia.

Na la mwisho ni hili, ulibebe mpaka huko Dodoma. Unajua ada zetu. Watu wakitaka kukuoza binti yao, humtuma mtu kwa mama yako aulize una tabia gani. Wazee wa Mnyuzi walikuja hapa, wakakaa kwenye mkeka wangu, wakaniuliza. Nikawaambia mwanangu ni mpole, hata wanyama wanatulia mikononi mwake. Wakaniamini, wakampa mtoto wao. Huko uendako utapona maumivu, utanunua shati jipya, utamwona binti mwingine aliyefundwa vizuri, na watu wake watauliza njia ya kuja Mkata. Nitawakaribisha. Nitawapa maji ya kunywa na nitawaambia kila kitu.

Nakupenda, Idrisa, na hilo ndilo linalonitia kichefuchefu.

Ni mimi mama yako, na shahidi wa kila binti utakayemposa.